Trela Ndogo Nyuma ya Probox: Inalipa au Inakula?

Tangu lami ifike Kakuma, gari dogo limeingia mahali ambapo zamani palikuwa pa Land Cruiser na lori peke yake. Barabara ya A1 kutoka Kitale hadi Lodwar ilijengwa kwa msaada wa Norwei miaka ya 1980, ikaachwa ikabomoka hadi madereva wakaona afadhali kupita pembeni mwake. Kipande cha kutoka Lokichar kuelekea mpaka wa Sudan Kusini pale Nadapal ndicho kilichojengwa upya kwa mkopo wa Benki ya Dunia uliopitishwa mwaka 2015. Leo mwenye duka wa wadi ya Lopur anaweza kwenda Lodwar, takriban kilomita 120 kutoka Kakuma, akanunua bidhaa na kurudi siku hiyo hiyo kwa Probox, Fielder au Wish. Na siku anapofunga buti kwa kamba kwa sababu halifungiki, wazo la pili huja lenyewe: kwa nini nisivute trela?

Soko la kumfanya mtu awaze hivyo lipo. Utafiti wa IFC, shirika lililo chini ya Benki ya Dunia, uliotolewa mwaka 2018, ulikuta biashara zaidi ya 2,000 katika kambi ya Kakuma na mji wake, na matumizi ya wakazi yakikadiriwa kufikia dola milioni 56 kwa mwaka. Wadi ya Lopur iko mlangoni mwa soko hilo. Unga, mafuta ya kupikia, viti vya plastiki, magodoro, mabati, saruji, simu, nguo za mitumba: vyote hivyo huja kutoka kusini, na kila kilo hulipiwa njiani. Anayeokoa shilingi mbili katika usafiri huuza kwa bei ya chini kuliko jirani yake.

Nitasema msimamo wangu mapema, kisha nieleze sababu. Trela ndogo nyuma ya gari la kawaida inafaa mzigo mkubwa kwa umbo lakini mwepesi kwa uzito, kwenye lami, katika safari ambayo ungeifanya hata kama huna mzigo. Mambo hayo matatu yakikutana, nunua. Moja likikosekana, ziko njia nafuu zaidi, na nyingine hazihitaji ununue kitu chochote.

Gari lako tayari linabeba nini

Watu wengi huanza na bei ya trela. Mimi naanza na gari, kwa sababu gari ndilo litakalovuta, na zaidi ya hapo ndilo litakalosimamisha kila kitu.

Toyota Probox ilitoka mwaka 2002 kurithi Corolla ya mizigo. Ile ya aina ya vani ilisajiliwa Japani kubeba kilo 400 ikiwa na watu wawili, au kilo 250 ikiwa na watu watano. Yenyewe ina uzito wa tani moja na kidogo. Kilo 400 ni nyingi kuliko zinavyosikika: ni mitungi 20 ya maji ya lita 20, au mifuko minane ya saruji, au marobota 16 ya unga yenye pakiti 12 za kilo mbili kila moja. Laza kiti cha nyuma, panga vizuri, na mzigo wote huo unaingia ndani ya gari lenye breki magurudumu yote manne na springi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo.

Sasa tazama trela. Uingereza na nchi nyingine nyingi za Ulaya zina kanuni ambayo hata mtu asiye Ulaya anafaa kuifuata, maana inatokana na uwezo wa breki na haijali uko nchi gani: trela isiyo na breki zake isizidi nusu ya uzito wa gari linaloivuta, na kwa vyovyote isizidi kilo 750, mzigo na chuma vikihesabiwa pamoja. Nusu ya Probox ni kama kilo 525. Trela ya chuma iliyochomelewa na fundi wa jua kali, yenye ekseli, springi, magurudumu na kuta za bati, haikosi kilo 180 ikiwa tupu. Kinachobaki ni kilo 345.

Soma tena hesabu hiyo. Trela uliyoinunua ili ubebe zaidi inabeba pungufu kuliko gari linaloivuta. Na usidhani unaweza kujumlisha, 400 ndani na 345 nyuma, ukaondoka Lodwar na kilo 745. Gari lililojaa hadi mwisho wa uwezo wake halina akiba ya breki wala ya kupoza injini kwa ajili ya nusu tani nyingine. Ukijaza trela, punguza ndani.

Kwa hiyo anayesafiri peke yake au na mtu mmoja, akibeba saruji, unga, sukari au maji, hana haja ya trela hata kidogo. Mzigo mzito mdogo uingie ndani. Trela inaanza kuwa na maana pale umbo linapokushinda kabla ya uzito: magodoro kumi, viti vya plastiki vilivyopangwa hadi kimo cha mtu, mitungi mitupu, milango na fremu za madirisha, mabati ya mita tatu, mbao. Inakuwa na maana pia kwa anayesafiri na familia ya watu watano, ambaye gari lake limebakiwa na kilo 250 na buti limejaa mabegi.

Mbuzi nao wamo katika orodha hiyo. Mbuzi wa Turkana mmoja ana kilo kama 25 hadi 30, hivyo kumi wanatosha trela ndogo, na hakuna mtu anayefurahia kuwabeba ndani ya gari la abiria. Tatizo lao ni kwamba wanatembea. Wakirudi nyuma wote pamoja, trela inabadilika papo hapo, na nitaeleza hatari yake. Weka vizuizi vya mbao vigawe sakafu katika vyumba vitatu, kila kundi libaki mahali pake.

Hesabu ya shilingi

Bei hupanda na kushuka, kwa hiyo namba zifuatazo ni za mfano. Weka zako mahali pake, mpangilio utabaki ule ule.

Chukua petroli kwa shilingi 200 kwa lita. EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, hutangaza bei mpya kila mwezi tarehe 14, na mji ulio mbali kama wetu hulipa zaidi ya Mombasa kwa sababu ya gharama ya kuyafikisha mafuta. Kakuma hadi Lodwar na kurudi ni kilomita 240. Tuseme Probox yako yenye mzigo wa kawaida inakwenda kilomita 14 kwa lita: lita 17, shilingi 3,400. Ifungie trela, na upepo unaoipiga pamoja na msuguano wa magurudumu mawili zaidi unaishusha hadi kilomita 10 kwa lita: lita 24, shilingi 4,800. Tofauti ni shilingi 1,400. Ongeza 1,000 kwa kuchakaa zaidi kwa tairi, breki na gia. Trela imekugharimu shilingi 2,400 kwa safari hiyo.

Hiyo ni gharama ya njiani. Kuna nyingine inayokusubiri nyumbani. Tuseme trela, chuma cha kuivutia, nyaya, taa na usajili vimekula 150,000. Ukiitumia miaka mitano na kuiuza kwa nusu bei, umepoteza 15,000 kila mwaka. Tairi, beringi, springi na rangi, 15,000 nyingine. Bima na ukaguzi, 10,000. Jumla shilingi 40,000 kwa mwaka, iwe trela imetoka au imelala chini ya mti.

Pikapu ya kukodi pamoja na dereva na mafuta yake, tuseme ni 10,000 kwenda na kurudi. Hapa ndipo swali kubwa linapojitokeza: je, wewe mwenyewe ungekwenda Lodwar siku hiyo?

Kama ungekwenda, kwa sababu una kikao cha kaunti, au unampeleka mgonjwa hospitali, au unawafuata watoto shuleni, basi mafuta ya msingi yangechomwa hata hivyo. Trela inakudai 2,400 dhidi ya 10,000 za pikapu. Unaokoa 7,600 kila safari, na kufikia safari ya sita ya mwaka umeshalipa zile 40,000. Hiyo ni biashara.

Kama usingekwenda, na safari ni ya mzigo tu, lazima ujitoze gharama yote: mafuta 4,800, na kuchakaa kwa gari na trela, tuseme 2,600. Ni 7,400. Umeokoa 2,600 tu, na utahitaji safari 16 kwa mwaka kabla hujaona faida. Na hapo siku yako nzima barabarani sijaihesabu hata senti moja, wala duka lililofungwa.

Lori halimo bado katika hesabu hii, na lori ndilo mshindani ambaye watu husahau. Malori yanayoleta chakula na bidhaa kwa kambi, kwa mji na kwa Sudan Kusini yanapita barabara hii hii. Mwenye lori mwenye nafasi hukubali mzigo mdogo kwa bei ya kilo au ya gunia. Hata kama atakutoza shilingi tano kwa kilo, kilo 350 ni shilingi 1,750, chini ya gharama ya trela katika safari ile ile nafuu kabisa. Utalipa kuli wa kupakia na kushusha, utasubiri labda siku mbili, na utahitaji mtu unayemwamini upande wa pili. Kwa unga, saruji, mabati, chochote kisichoharibika na kisicho na haraka, lori linashinda, na halihitaji ununue chuma. Kwa mfugaji anayepeleka mbuzi kusini hali ni nzuri zaidi, kwa kuwa malori mengi huja kaskazini yamejaa na kurudi matupu. Dereva anayerudi mtupu husikiliza bei.

Kereya ya juu ya gari nitaipita haraka. Magari mengi madogo yameruhusiwa kubeba kilo 50 hadi 75 juu, kereya yenyewe ikiwemo. Inatosha magodoro mawili na mabegi. Zaidi ya hapo gari linakuwa zito kichwani na upepo wa Turkana unalisukuma.

Ukiamua kununua

Njia ziko mbili kuu: kutengenezewa na fundi, Lodwar, Kitale au Eldoret, au kununua iliyoundwa kiwandani, mpya au iliyotumika. Ya kiwandani ina bamba linalosema uzito wake na uzito inaoruhusiwa, na mara nyingi chuma chake kimepakwa zinki kisishike kutu. Ya fundi ni rahisi, na sehemu yoyote ikivunjika inachomelewa popote. Mimi ningechagua ya fundi kwa eneo letu, kwa sharti kwamba mnunuzi asimame karakanani na kuuliza maswali. Fundi atakuambia, "Mzee, hii itabeba hata tani moja." Huenda ni kweli kwamba chuma kitabeba. Gari lako halitaisimamisha.

Jambo la kwanza la kusisitiza ni magurudumu. Trela nyingi ndogo huwekewa vigurudumu vidogo kwa sababu ni bei rahisi. Vikatae. Gurudumu dogo huzunguka mara nyingi zaidi kwa kila kilomita, huchemsha beringi, na likifika mchangani huzama. Mwambie fundi aweke habu zinazokubali rimu za gari lako. Probox hutumia boliti nne, umbali wa milimita 100, na rimu za namna hiyo zinapatikana kila mahali Kenya. Ukifanya hivyo, spea moja inatosha gari na trela. Tairi likipasuka katikati ya Lodwar na Kakuma, mahali ambapo kivuli ni cha mti wa mathenge tu, utajua thamani ya uamuzi huo mdogo. Joto la mchana Lodwar hufikia wastani wa nyuzi 35, na lami huwa na joto kuliko hewa. Tairi la trela lisilo na upepo wa kutosha ndilo la kwanza kupasuka, kwa hiyo pima asubuhi likiwa baridi.

Pili, chuma cha kuvutia kifungwe kwenye fremu ya gari kwa boliti, sehemu nne au zaidi. Kikichomelewa kwenye bampa au kwenye bati la sakafu ya buti, kitang'oka siku ya kwanza ya mashimo. Tufe la chuma hicho kwa kawaida ni la milimita 50, na kikombe cha trela kiwe cha kipimo hicho hicho. Minyororo miwili ya usalama ipite chini ya pua ya trela ikiwa imepishana, ili trela ikichomoka ilalie juu yake badala ya kuchimba lami.

Tatu, breki. Trela ya kilo 500 isiyo na breki husukuma gari kila unapopunguza mwendo. Kutoka Lopur hadi Lodwar, ardhi ikiwa tambarare, mtu mwangalifu ataimudu. Kutoka Kitale ni habari nyingine. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari na Lodwar karibu 500, na kati yao kuna mteremko wa Kamatira, chini ya Kapenguria. Mzigo wako unakuja kutoka juu. Yaani trela imejaa wakati wa kushuka, na ni tupu wakati wa kupanda. Breki zikichemka hapo hakuna wa kukusaidia. Anayetaka kuvuta kutoka Kitale anunue trela yenye breki za kujifunga zenyewe gari linapopunguza mwendo, au aache kabisa. Katika jambo hili sina njia ya katikati.

Nne, na hili halina gharama, ni mpangilio wa mzigo. Mzigo mzito ukae juu ya ekseli na mbele yake kidogo, ili pua ya trela ikandamize tufe kwa asilimia 7 hadi 10 ya uzito wote. Kwa trela ya kilo 500 ni kilo 35 hadi 50. Mizani ya dukani inatosha kupima: iweke chini ya pua na usome. Pua ikiwa nyepesi, trela huanza kucheza kushoto na kulia mwendo ukiongezeka, na kila mchezo ni mkubwa kuliko uliotangulia. Ikikutokea, toa mguu kwenye mafuta, shika usukani sawa, usikanyage breki kwa nguvu, usijaribu kuikimbia. Mwendo wenyewe una hesabu yake: nguvu ambayo breki zako zinapaswa kuimeza kwa kilomita 80 kwa saa ni karibu mara 1.8 ya ile ya kilomita 60. Kaa kati ya 60 na 70. Ngamia akiamua kuvuka, haangalii kama umevuta kitu.

Usiku trela ni hatari kwa wengine kuliko kwako. Taa za gari lako zinafichwa na mzigo, na nyaya za trela hulegea kwa mtikisiko. Anayekufuata haoni kitu. Bandika viakisi vyekundu nyuma na vya rangi ya machungwa ubavuni, hata kama taa zinawaka. Ni kitu cha shilingi chache sana katika orodha hii yote.

Kuhusu gia, wenye magari mapya zaidi wasikilize. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililopita miaka minane tangu lisajiliwe, kwa hiyo Probox nyingi zinazoingia sasa ni za toleo la 2014 na kuendelea, zenye gia ya otomatiki ya mkanda, CVT. Gia hiyo inaokoa mafuta vizuri ikibeba watu. Ikivuta nusu tani kwenye joto, mafuta yake huchemka, na kuitengeneza kunaweza kugharimu kuliko trela. Ya gia za mkono inastahimili zaidi, ingawa klachi nayo ina mwisho wake. Pia kumbuka kwamba magari ya soko la Japani mara nyingi hayakupewa kiwango cha kuvuta na kiwanda. Ukiona takwimu za gari linalofanana na lako lililouzwa Ulaya au New Zealand, usizichukue kama zako. Rejeta na gia zinaweza kuwa tofauti.

Mwisho wa lami

Yote niliyosema hadi hapa ni ya lami. Vijiji vingi vya Lopur haviko kwenye lami. Kati ya barabara kuu na boma kuna laga, mto wa mchanga ulio mkavu sehemu kubwa ya mwaka, na unaoweza kujaa kwa saa moja mvua ikinyesha milimani huku kwako jua likiwaka.

Probox ya kawaida, kama Fielder na Wish, inasukumwa na magurudumu ya mbele. Trela inapokandamiza nyuma, ekseli ya mbele inanyanyuka kidogo, yaani magurudumu yanayofanya kazi yanapoteza mshiko pale pale unapouhitaji. Juu ya hayo unavuta nusu tani inayolima mchanga. Gari pekee lingepita kwa kupunguza upepo wa tairi na kwenda bila kusimama. Likiwa na trela linazama, na ukijaribu kurudi nyuma trela inajikunja kama kisu. Nimeona watu wakishusha mzigo wote katikati ya laga, wakavusha trela kwa mikono, kisha gari, kisha mzigo tena kichwani. Mvua ikiwa inanyesha kwenye milima ya Pelekech, kazi hiyo ni ya kuhatarisha maisha.

Ushauri wangu: acha trela kwenye lami. Malizia safari kwa punda, ambao wamebeba mizigo ya Waturkana tangu kabla ya barabara yoyote, au kwa pikipiki ya magurudumu matatu ya mizigo kama udongo ni mgumu. Malipo ya kipande hicho yaingize kwenye hesabu tangu mwanzo. Pikapu au Land Cruiser ya kukodi yenye kuvuta magurudumu yote inafika hadi mlangoni, na mara nyingine tofauti ya bei inaishia hapo hapo.

Karatasi

Kenya, trela ni chombo kinachosajiliwa chenyewe, na huwa na namba zinazoanza na herufi Z. Trela isiyo na namba ikikamatwa, kila kizuizi cha polisi kinakuwa gharama. Kwa hiyo kabla hujamlipa fundi pesa ya mwisho, hakikisha ana stakabadhi zitakazokuwezesha kuisajili NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na uliza huko kama daraja la leseni yako linaruhusu kuvuta.

Bima ina mtego mkubwa zaidi. Sera ya gari la binafsi kwa kawaida haigusi mzigo wa biashara wala kubeba kwa malipo. Unayemvutia jirani magodoro yake kwa shilingi 1,000 umeshatoka nje ya sera. Mweleze wakala wako kwamba utavuta trela na utabeba bidhaa za duka, na umwombe jibu kwa maandishi. Nyongeza atakayokutoza ni sehemu ya zile 40,000. Ikizidi, safari za kufidia zinaongezeka.

Nani anunue

Mwalimu, afisa au mfanyakazi wa shirika anayekwenda Lodwar kila mwezi kwa shughuli zake, na ambaye familia yake inaendesha duka la bidhaa kubwa nyepesi kandokando ya lami: anunue, iwe ya fundi, yenye rimu za gari lake, isiyopakiwa zaidi ya kilo 345. Itamlipa ndani ya mwaka wa kwanza au wa pili.

Wenye maduka watatu au wanne wa Lopur wanaojuana, kila mmoja akienda Lodwar mara chache, wanaweza kuchangia trela moja. Zile 40,000 zikigawanywa kwa wanne ni 10,000 kila mmoja. Chama kiandike nani anabadilisha beringi na nani analipa tairi, na kila gari litakaloivuta liwe na tufe la milimita 50 na bima iliyoarifiwa. Mpango huu naupenda kuliko mwingine wowote niliouandika hapa.

Mwenye saruji, unga na maji asinunue. Alaze kiti cha nyuma, abebe kilo 400 ndani, na kinachozidi akipeleke kwa lori linalopita. Anayekaa ng'ambo ya laga asinunue pia. Anayetaka kuvuta kutoka Kitale bila breki, wala asijaribu.

Na mwenye 150,000 mkononi ambaye hana hakika yuko kundi gani, aandike kwenye daftari safari zake zote za miezi mitatu ijayo: alikwenda kwa ajili ya nini, mzigo ulikuwa na kilo ngapi, na je, ni umbo au uzito uliomshinda. Zikiwa pungufu ya mbili ambazo angekwenda hata hivyo na umbo ndilo lililomshinda, pesa hizo azinunulie bidhaa, na akodi pikapu siku ya haja.